Mlango wa Chuma wa Yomba Dona

Juzi mume wangu alirudi na kopo la rangi ya mafuta, apake vyuma vya madirisha, na kabla hajalifungua vizuri nikamtoa nalo nje. Kwa jambo hilo simpi mtu nafasi ya kujadiliana. Harufu ile ikiingia puani, masikio yangu yanaanza kusikiliza geti. Yeye amezoea, alikwenda zake kupaka huku akiimba. Lakini binti yangu alinifuata jikoni. "Mama, juu ya nini unaogopaka rangi?" Nikamwambia siogopi rangi. "Mais uko unatetemeka," akasema, lakini yake akiitoa kwa Kifaransa. Watoto wa siku hizi hawana adabu, halafu wana macho.

Nyinyi mliokulia mtaani Ruashi wakati ule mnazijua harufu zetu: vumbi jekundu likipigwa na mvua ya kwanza, makala kwenye mbabula, lile jiko la makaa, bitoyo, wale samaki wa chumvi, vikikaangwa kwa jirani wakati kwenu jioni hiyo ni mboga ya lengalenga peke yake. Katika lupango letu, yaani ua wa nyumba yetu, kulikuwa na harufu moja zaidi, nzito, ya mafuta na petroli, iliyoshika nguo, ugali wetu wa bukari na hata nywele zangu, mpaka shuleni wenzangu wakaniita Garaji. Ilitoka kwa mdogo wake Mama, mjomba wangu Donatien, Yomba Dona, ambaye aliishi chumba cha nyuma na kazi yake ilikuwa kuchora. Mama alimpenda na alimlalamikia kwa pumzi moja. "Dona anakula kama muntu wa kazi nguvu," alisema, huku akimwongezea bukari.

Hakuchora kwenye kitambaa kama wale wanaowauzia wageni picha za tembo. Yeye alichora kwenye chuma: boneti la lori, bati nene, mlango wa zamani uliong'olewa mahali, chochote kilicho bapa. Rangi alijitengenezea mwenyewe. Alinunua mafuta ya kitani kwa mafundi wa nyumba, akachimba udongo wa lupango letu, akauchekecha kwa soksi ndefu za Mama za kwendea misa (hapo ilizuka vita, tuiache), na jiwe la kijani la machimboni alilitwanga kwenye kinu mpaka likawa unga. Kisha alimchora mtu mzima mzima, mpaka kope, mpaka kifungo cha shati. Mtu akimaliza kuchorwa unamwona amesimama pale anataka kukuambia kitu. Na hapo Yomba alichukua ule udongo uliokorogwa na mafuta, akaanza kumfunika kwa kiganja. Miguu, tumbo, mabega, mwisho uso. Hakuacha hata tundu la pua.

Nitawaambia sasa hivi ilivyoendelea, maana sipendi kuwazungusha. Udongo ule ukikauka nusu, wala mbichi wala mgumu, Yomba aliamka alfajiri, chuma kikiwa bado baridi, akachukua kijiko alichokinoa ukingoni, akaanza kumchimbua mtu wake. Jicho hapa, mkono pale, nusu ya tabasamu. Sehemu nyingine aliziacha chini. Watu walioelewa mambo ya picha walikuja na gari kuchukua kazi zake. Lakini mimi asubuhi nilikuwa shuleni, na picha zikishachimbuliwa zilifungwa magunia na kuondoka. Nilichokiona mimi, mchana baada ya mchana nikirudi na begi langu, ni mjomba wangu anawazika watu.

Nilimuuliza siku moja. "Yomba, uko unamufanya nini?"

"Niko namufunika."

"Juu ya nini?"

"Juu bantu ba huku kwetu, Mado, hauwezi kubaona kama haukuchimba kwanza." Akacheka, akaendelea kupaka. Jibu la mtu mzima, limekamilika kabisa, na halimsaidii mtoto hata kidogo.

Nikaanza kuchunguza. Alichora baiskeli ya Papa, baba yangu, akaifunika, na wiki ileile ikaibwa sokoni. Akamchora Mama Jeanne, muuza mikate ya mafuta kwenye kona yetu, akamfunika na sahani yake yote, na kesho yake kona ikawa tupu. Alikuwa amekwenda Likasi kwa mama yake kujifungua, lakini nani angemweleza hayo mtoto wa miaka yangu? Kwangu hesabu ilikuwa imefungwa. Ukifunikwa na Yomba, unaondoka.

Basi fikirieni hofu yangu Jumapili ile alipoingiza lupangoni mlango mzima wa chuma, mrefu kuliko Mama, akauegemeza ukutani chini ya kibanda chake cha bati na kusema anataka kuwachora Papa na Papa Selestini.

Papa alikuwa mchimbaji, creuseur, pale Kambove. Siyo wa kampuni: wa shimo, nyundo na kamba. Papa Selestini alikuwa mwenzake wa shimo moja, na mwenzako wa shimo ni zaidi ya ndugu, kwa sababu kamba yako iko mkononi mwake. Papa alikuwa mtu wa maneno machache. Papa Selestini aliongea kwa niaba ya wote wawili, alikuwa na pengo mbele, na mimi aliniita bibi yake, yaani mke wake. Kila akija aliniletea kijiwe cha kijani na kutangaza kwamba mahari inaendelea kulipwa. "Bibi yangu, uliivisha bukari?" aliita tangu getini, na mimi nilikimbilia ndani kwa aibu na furaha.

Siku ile walikaa kwenye benchi na mashati yao ya misa. Papa aliukodolea macho ukuta kama yuko kwa daktari. Mwenzake hakutulia. "Donatien, hii pengo usiitie jino ya uongo. Bibi yangu ananipendaka na pengo yangu." Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilihesabu vifungo vya shati la Papa na kuomba Yomba aishiwe rangi.

Jumatatu walipanda lori la Kambove. Hapa lazima niwaeleze desturi yetu, maana yote yamesimama juu yake. Papa alikuwa amenifundisha kwamba shimo likijifunga, udongo ukiporomoka na kuwafungia watu ndani, watu wa juu hawapigi kelele, kelele hazifiki. Wanagonga mwamba kwa nyundo, halafu wote wananyamaza na mmoja analaza sikio. Aliye chini akiwa mzima, naye anagonga. Ndipo wanajua wachimbe wapi. "Na kama hagongi?" niliuliza. Papa alifikiri kidogo. "Atagonga tu," akasema. Tangu hapo hiyo ikawa salamu yetu. Akiondoka aligonga geti la bati kutoka nje, nami nilijibu kwa kijiko kutoka ndani. Akirudi hivyohivyo, na hakuingia mpaka nimjibu, hata mvua ikimnyeshea na Mama akinigombeza.

Na Mama alikuwa na sheria yake. Papa akiwa Kambove, neno kujifunga, neno kufa, neno shimo, hayatajwi ndani ya lupango. Ukiteleza ulimi, anakutuma nje ukateme mate.

Wiki ile ilinyesha. Mvua yetu mnaijua, ikishika Ruashi haiachi, barabara zinageuka supu nyekundu na viatu vinabaki humo. Nilirudi shuleni Jumatano nimelowa, nikamkuta Yomba na kiganja chekundu. Papa Selestini hakuwepo tena. Pale alipokuwa, upande wa chini wa mlango karibu na bawaba, palikuwa na udongo tu, laini, unang'aa. Papa alikuwa amefikiwa shingoni.

"Yomba, acha!"

"Toka hapo, Mado, utashika rangi." Akampaka mdomo.

Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena, hata uzazini. Mama alitoka mbio na mwiko mkononi. "Ni nini? Nyoka?" Na mimi nikafungua mdomo kumwambia, nikakumbuka sheria. Ningesemaje? Kila neno nililohitaji lilikuwa limekatazwa. Nikasimama pale nikitazama kiganja cha mjomba wangu kikipita juu ya macho ya baba yangu. Mama alinigusa paji la uso, akasema nina homa, akanilaza.

Jioni ile Papa hakupiga simu. Alizoea kuazima simu Kambove na kumsalimia Mama hata kwa dakika moja. Mama alisema ni mvua, réseau, mtandao wa simu, imeanguka. Alhamisi alisema tena réseau. Ijumaa alijaribu mwenyewe kupiga, akaiweka simu mezani, akaichukua, akaiweka. Nilikula kwa sababu niliangaliwa. Kila nilipopita kwenye kibanda nilitazama kama udongo umepasuka, kama kuna mtu anasukuma kutoka ndani, lakini kwa unyevu ule haukuwa umekauka hata kidogo.

Jumamosi lori likarudi bila Papa. Jirani yetu aliyechimba huko huko alikuja mwenyewe, kofia mkononi, na kofia mkononi kwetu siyo habari njema. Hakumtazama Mama. "Mama Mado, shimo ya bo ilijifunga jana. Banachimbula. Tulisikia muntu anagonga."

"Muntu nani?" Mama akauliza.

"Hatujue."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye tope, na kikwembe chake safi kiunoni. Kisha akasimama, akafunga kilemba upya, akachukua pochi yake na kumwambia Yomba, "Ulinde mutoto." Akaondoka na lori lilelile bila hata kubadili viatu. Tukabaki wawili, mimi na Yomba, na mlango.

Jumapili asubuhi ndipo nilipomwambia. Mama hakuwepo, sheria nayo nikaona imeondoka naye. Nikamwambia yote, baiskeli, Mama Jeanne, mdomo wa Papa. Nililia mpaka kamasi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa juu ya kopo lake la rangi.

"Njo vile ulikuwa unawaza wiki yote hii?"

"Mufungue, Yomba."

"Mado, sikia. Udongo ingali mubichi. Nikifungua leo, sura itatoka pamoja nayo. Tungoje kidogo, jua itoke, nitamufungua bien, muzuri kabisa, na macho yake yote."

"Mufungue sasa."

Angeweza kunifukuza. Ilikuwa picha kubwa kuliko zote alizowahi kufanya na watu wa gari walikuwa wanaisubiri. Lakini yeye pia alikuwa hajalala. Akakichukua kile kijiko. Akaanza kukwangua mahali pa uso wa Papa. Udongo ukatoka wote kwa mpigo, ukatoka na jicho. Akajaribu upande mwingine, pua ikaondoka. Mwisho kilichobaki ni umbo la kichwa, kahawia, limeparazwa, na mdomo tu chini yake, mzima.

"Nilikuambia," alisema polepole.

"Iko sawa," nikamjibu. "Sasa anaweza kupumua."

Nikachukua kijiko mkononi mwake, nikagonga chuma. Nikalaza sikio. Chuma kilikuwa baridi na kilinuka mafuta, na nilisikia damu yangu tu. Nikagonga tena. Msidhani geti lilijibu pale pale, siandiki sinema. Niligonga Jumapili yote. Yomba alinipikia uji nikaunywa nimesimama. Jumatatu sikwenda shule na hakuna aliyeniuliza. Sikio langu la kulia lilikuwa limepakwa rangi mpaka ndani, na Yomba alikuwa amekaa nyuma yangu, kila nikigonga na yeye ananyamaza, ananyamaza kabisa, mtu mzima yule na ndevu zake.

Jumatatu mchana niligonga, na getini pakagongwa.

Sikukimbia. Watu hufikiri nilikimbia. Niliogopa nikikimbia nitamkuta mtu mwingine, muuza makala au mtoto wa jirani. Nilitembea mpaka getini, nikagonga kwa kijiko upande wa ndani, nikangoja. Kule nje pakagongwa tena, taratibu, jinsi anavyogonga yeye. Yomba alilifungua geti mwenyewe.

Papa alisimama pale amemwegemea Mama, miguu mitupu, udongo umemjaa kwenye nyusi na masikioni. Alikuwa hana uso. Naapa, wakati ule nilimtazama na sikuona macho, niliona kichwa cha kahawia na mdomo. Kisha akapepesa, macho yakawepo. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nilitazama nyuma yake nimwone wa pili, yule anayeita bibi yangu tangu getini. Nyuma yake palikuwa na barabara tu.

Maneno yalikuja baadaye, machache, na mengine aliyasema nikiwa tayari mwanamke mzima. Papa Selestini alikuwa mbele yake shimoni, upande wa ndani zaidi. Mwamba uliposhuka ulipita katikati yao. Waligongeana. Papa aligonga kwa wa juu, akageuka, akagonga kwa mwenzake, na mwenzake akajibu. Alijibu usiku ule wote na sehemu ya mchana uliofuata, kisha akajibu kwa kuchelewa, kisha hakujibu. Walipomtoa Papa udongo ukashuka tena, na wenye mamlaka ya machimbo wakasema basi, hakuna atakayeingia. Shimo likafukiwa na Papa Selestini humo. Kilio chake kilifanywa kwa shati lake la misa lililotandikwa juu ya mkeka.

Siku ile ya kilio nilimfuata Yomba na kijiko. "Na Papa Selestini. Mufungue na ye." Alikuja mpaka mbele ya mlango. Alipapasa ule udongo wa chini, karibu na bawaba, kidole kikaacha alama kidogo. Ulikuwa umefika, nusu mkavu, vile alivyokuwa anautaka siku zote. Alisimama pale mpaka nikachoka kusimama. Kisha akatia kijiko mfukoni.

"Siwezi, Mado. Na kama atatoka bila sura?"

Kesho yake jua lilitoka, jua kali la baada ya mvua. Kilio kilipokwisha udongo ulikuwa umekamata chuma na hakuna kijiko cha dunia hii kingeuondoa. Papa alipopata nguvu za kutoka nje aliutazama mlango, akatazama mahali pake pasipo na macho. "Njo mi kabisa," alisema, akimaanisha ndiye yeye hasa. Watu wa gari walikuja, wakasema ni kazi kubwa kuliko zote za Donatien, wakaongea kuhusu ule uso uliofutika kwa maneno marefu ya Kifaransa. Yomba aliwasikiliza kwa heshima na akakataa kuwauzia. Hakuwahi kufunika mtu mwingine. Aliendelea kuchora kwenye chuma, lakini watu wake tangu hapo walisimama juani, vifungo, kope na mapengo yao yote nje.

Yomba Dona amefariki, na mlango umekuja kwangu kwa sababu nyumba nyingine zote za ukoo zilisema ni mzito. Umesimama sebuleni. Papa bado yupo, anakohoa, haongei zaidi ya zamani, na Jumapili baada ya misa anakuja kula kwetu. Siku zote hukaa kiti cha karibu na mlango na huupa mgongo.

Jumapili iliyopita, rangi ya madirisha ikiwa bado inanuka nyumba nzima, aliacha kula katikati. Alikilamba kijiko chake, akakifuta kwenye suruali, akasimama, akainama kwa shida mpaka chini karibu na bawaba, mahali pa mwenzake. Akagonga. Akalaza sikio.

Binti yangu alifungua mdomo kuuliza, nikamshika bega. Mume wangu akaweka uma chini. Tukanyamaza wote, hata wale wasiojua tunasikiliza nini, na Papa hakuondoa sikio mpaka bukari ikapoa.